Aliniambia mimi peke yangu. Je, niwaambie watoto?

Dada, asalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Chikongola, hapa Mtwara mjini. Eda yangu imekwisha wiki tatu zilizopita. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, tukaenda kumzika kwao Newala. Alikuwa na miaka 68, na mimi nimekaa naye 41. Ametuachia watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike.

Mume wangu alikuwa askari wa JWTZ. Vita vya Kagera, vile vya kupigana na Idi Amin wa Uganda, vilimkuta ana miaka 22. Alistaafu akiwa sajini, akarudi kwenye mikorosho ya baba yake. Mtaani walimwita Afande mpaka siku tunamtoa ndani, ingawa sikuwahi kumsikia akijiita hivyo. Kitanda alikitandika mwenyewe kila asubuhi, pembe zimenyooka kama za kambini, hata alipokuwa hawezi kusimama vizuri. Kila usiku wa kuamkia mwaka mpya, vijana wakianza fataki zao, yeye ameshapanda gari ya Newala tangu mchana. Watoto wamekua wakijua kwamba baba anapenda shamba.

Barazani kwetu pana mtungi wa maji. Aliuweka mwaka tuliohamia nyumba hii, na sijui siku aliyolala bila kuhakikisha umejaa. Wachuuzi wa samaki wanakunywa, watoto wa shule wanakunywa, hata mtu asiyetusalimia anakunywa. Kata yake ni ya kifuu, mpini ulivunjika akaufunga kwa waya. Wiki za mwisho, maneno yamemwishia, alikuwa akiniuliza jambo moja tu: "Mtungi umejaa?"

Watoto hawajui sababu ya ule mtungi. Mimi ninaijua.

Mwaka aliofariki mama yake, usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa nje sisi wawili, akaniambia. Alisema walikuwa wanatembea kwa miguu ndani ya Uganda, wana kiu. Akatokea bibi mmoja kwenye migomba, amebeba kibuyu cha maji. Wenzake wakaogopa sumu. Rafiki yake, kijana wa Tandahimba waliyetoka naye mafunzoni, akakichukua kibuyu akanywa wa kwanza, akacheka, akampa yeye. Siku chache baadaye wakashambuliwa usiku, mahali barabara inapita katikati ya maji na matete. Yule rafiki akapigwa tumboni. Wakalala kwenye matete, wenzao wametawanyika. Usiku kucha yule kijana alikuwa anaomba maji. Maji yamewazunguka pande zote. Mume wangu hakumpa, kwa sababu walifundishwa kwamba mwenye jeraha la tumbo hapewi maji. Akafariki kabla ya alfajiri, kichwa chake kiko mapajani kwa mume wangu.

Aliporudi alikwenda Tandahimba kwa mama wa marehemu. Akamwambia, "Mwanao alianguka mara moja, hakuteseka." Yule mama ameondoka duniani akijua hivyo. Mume wangu aliniambia, "Nimekwambia wewe, basi." Hatukulizungumza tena.

Sasa, dada. Mwezi ujao tunasoma hitima. Mwanangu mkubwa ameshachapisha fulana sitini zenye picha ya baba yake na sare. Anataka avae kombati ya baba siku hiyo, na anataka nisimame niwaeleze watu habari za vita. Tayari anasimulia kwamba baba yake ndiye aliyetangulia kuingia Kampala, na mimi najua alifika siku kadhaa baada ya mji kuanguka. Binti yangu wa pili hataki kabisa. Anasema baba aliyemjua yeye alikuwa akimkunia nazi mama na kumsubiri yeye barabarani akichelewa kutoka masomo ya jioni, mambo ya bunduki aachiwe marehemu mwenyewe. Wamegombana mpaka hawapigiani simu. Shemeji naye anataka nishani na kofia, anasema ni mali ya ukoo, vikae Newala.

Na ndugu wa yule rafiki atakuwepo. Ni mzee sasa, lakini kila mwaka hutuletea ming'oko, vile viazi vya porini, anakaa na mume wangu barazani, wanaongea habari za korosho tu.

Nikinyamaza, watoto wangu watabaki na baba wa kwenye fulana. Nikisema, nimevunja amana. Nifanye nini? Ukiichapa barua hii naomba ubadilishe mambo kadhaa.

Mjane, Mtwara

*

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amjaalie mzee wetu kauli thabiti na akupe wewe na watoto subira. Nimebadilisha wilaya na mambo mengine ili asitambulike mtu, kama ulivyoomba.

Nianze na lile la maji, kwa sababu nahisi na wewe umelibeba tangu usiku ule wa giza barazani. Mumeo alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa ni sahihi. Hata leo ukienda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza utaambiwa hivyo hivyo: aliyejeruhiwa tumboni usimnyweshe, mloweshe midomo tu kama unaweza. Kijana wa miaka 22, gizani, hajui kama wenzake watarudi au la, mwenzake anamsihi, naye anajizuia kwa kutumaini kwamba asubuhi daktari atapatikana. Alikuwa anajaribu kumwokoa. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumtamkia maneno hayo. Kama hakuna, wewe uyasikie kwa niaba yake.

Mahali ulipopaeleza panafanana sana na Lukaya, kule Uganda. Majeshi yetu yaliichukua Masaka tarehe 24 Februari 1979, kisha yakaifuata barabara ya Kampala, ambayo pale Lukaya inakatiza kwenye kinamasi. Jioni ya Machi 10 walishambuliwa na askari wa Amin wakisaidiwa na askari wa Libya waliokuja na vifaru na makombora. Wengi wa waliokuwa mbele hawakuwa na uzoefu wa vita, wakatawanyika kwenye giza. Siku ya pili yake wetu wakajipanga upya wakayageuza mapigano. Kampala ikaanguka mwezi uliofuata, Aprili 11. Kwenye vitabu usiku ule ni mistari michache. Kwa mumeo ulikuwa usiku wenye mtu mmoja na jina moja, na inaelekea alikuwa akiurudia kila anapoushika mtungi.

Kwa hiyo nikisoma barua yako naona habari mbili zilizofungwa pamoja, nawe unadhani lazima zitoke zote au zibaki zote. Mimi ningezitenganisha.

Ya kwanza ni ya bibi mwenye kibuyu, rafiki aliyekunywa wa kwanza ili wenzake wasiogope, na rafiki huyo kutorudi nyumbani. Hii ni ya mumeo. Ndiyo iliyoweka mtungi barazani, ndiyo iliyompandisha gari ya Newala kila Desemba 31. Watoto wake wameishi ndani ya habari hii miaka yote bila kujua wanaishi ndani yake. Nadhani wana haki nayo. Waite wote wanne kabla ya hitima, nyumbani, hao wawili waliogombana wakae jirani, uwaambie. Usisubiri kipaza sauti. Binti yako anayesema hataki kusikia vita, naamini habari ya maji ataitaka, maana baba anayemkumbuka yeye na kijana aliyepewa kibuyu ni mtu yule yule. Na mkubwa wako akishaipata hii hatahitaji tena kumwingiza baba yake Kampala wa kwanza. Watoto hujaza walipoachiwa pengo. Usimkaripie, mpe cha kweli aweke mahali pale.

Ya pili ni ya saa zile za kwenye matete. Hizo, dada, si za mumeo peke yake. Ni za marehemu mwenzake pia, na mumeo alizifunika makusudi kwa ajili ya mama mmoja wa Tandahimba. Kama kusema vile kwa yule mama kuna hukumu yake kwa Mungu, hilo muulize shekhe wako, mimi sina elimu hiyo. Ila najua aliilinda kauli yake kwa zaidi ya miaka arobaini, kila mwaka akila ming'oko na ndugu wa marehemu bila kuteleza. Usiifunue wewe mbele ya umati wa hitima. Hata watoto wako, mimi nisingewaambia sasa hivi. Kijana anayechapisha fulana sitini kwa uchungu wa baba yake hataweza kukaa na jambo kama hilo kimya mbele ya mzee yule.

Najua wapo watakaosema ukweli ni ukweli, na ndugu ana haki ya kujua. Siwabezi. Ningewasikiliza zaidi kama yule mzee angekuwa anauliza. Miaka yote hiyo amekaa na mtu pekee aliyejua, akachagua kuongea korosho. Huenda naye alijua zaidi ya mlivyodhani. Siku akikuuliza mwenyewe, mko wawili, usimdanganye. Mwambie lile ambalo ni kweli na linabebeka: ndugu yako hakufa peke yake, mume wangu alimpakata mpaka alfajiri. Akitaka zaidi ataomba, na wakati huo utajua cha kufanya kwa kumtazama usoni.

Sasa kombati. Hapa sina maneno mengi: asiivae. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na kuwa mtoto wa askari hakumpi ruhusa. Mbali na sheria, mumeo mwenyewe aliivua akaikunja. Fulana zimeshachapishwa, basi zivaliwe, ni pesa za mtoto na ni mapenzi yake. Ila namsihi huyo kijana, akipata nafasi, atafute na picha nyingine. Sina shaka ipo hata moja yupo shambani, au ameshika mbuzi ya nazi.

Nina sababu ya kung'ang'ania hayo madogo. Kaka yangu mkubwa aliondoka Lindi na mgambo mwishoni mwa mwaka 1978. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka watu wamejaa kwa jirani mwenye redio, Mwalimu anasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na mama yangu amesimama nyuma ya wote amejifunga kanga kiunoni, hapigi makofi. Kaka alirudi. Aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini, akaoa, akauza samaki wa kukaanga, akafa. Leo wajukuu zake wananiuliza, nami ninayo mambo matatu tu: alirudi anapenda ndizi za kupika kuliko wali, alivuka mto Kagera usiku, na hakuvumilia mtu kumgusa begani kwa nyuma. Matatu. Nilikuwa na miaka ishirini ya kuuliza, nikawa nauliza bei ya samaki.

Wenzake mumeo waliobaki wanakaribia sabini au wameshavuka. Hapo Mtwara na Newala wapo, na wengi wao walikuja kuzika. Mpe mkubwa wako kazi hiyo, inamfaa kuliko kipaza sauti: awafuate mmoja mmoja na simu yake, awarekodi wakikubali. Asianze na "nieleze vita", mzee atafunga mdomo. Aulize walikuwa wanakula nini. Nani alikuwa anaimba. Baba alikuwa anakoroma? Viatu vilidumu muda gani? Askari wetu walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari ile, na mtu akianza kueleza viatu vyake mengine hufuata yenyewe. Binti naye aandike ya nyumbani: namna baba alivyokuna nazi, alivyokohoa kabla ya kugonga mlango, alichosema mtoto aliporudi na sifuri. Wakimaliza waviweke pamoja. Siku ya hitima hayo yasomwe dakika kumi, na anayesoma awe binti. Wewe usisimame. Umetoka eda juzi tu, kaa na wanawake wenzako usikilize mumeo anavyosemwa.

Shemeji na nishani. Mimi ningesema nishani ibaki kabatini kwako mpaka utakaposema wewe mwenyewe. Kofia ukitaka kumpa mpe, kwa moyo mweupe, alimpoteza kaka. Hujauliza, lakini ngoja niseme: kama mirathi haijafunguliwa, kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mwende nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo ili msimamizi ateuliwe. Karatasi za utumishi wa mumeo na za mafao usimkabidhi mtu yeyote kabla hujazitoa nakala. Nimepata barua nyingi za wajane waliotoa bahasha halisi kwa ndugu mwema, bahasha ikapotea.

Na jambo moja ambalo lipo karibu na mlango wako. Naliendele, hapo nje kidogo ya mji, wamelazwa askari wetu waliokufa Msumbiji. Waliokufa vita vya Kagera wengi wako Kaboya, Muleba, mbali mno na kwenu. Siku ya Mashujaa, Julai 25, wachukue wajukuu muende Naliendele. Mumeo hayupo pale wala rafiki yake hayupo, najua. Lakini mtoto wa miaka minane akisimama mbele ya safu zile za makaburi akasoma umri wa waliolala, kazi kubwa ya kueleza imeshapungua. Msomeeni rafiki yule Fatiha hapo. Mtajeni kwa jina lake.

Siku ya hitima mtungi uwe umejaa tangu alfajiri. Yule mzee wa ming'oko akifika, kabla hajavua viatu, umpe maji kwa mkono wako. Kata iwe ile ile yenye waya. Najua mtoto mmoja atakuwa ameshanunua mpya ya plastiki kwa ajili ya wageni, iweke ndani.

Dada yako wa safu, Lindi